Homa ya Nyumba ya Bi Mwanaidi

Kwa miaka mingi hakuna mwanamke mjamzito aliyekubali kulala katika nyumba ya Bi Mwanaidi. Hakuna aliyelitamka jambo hilo mbele yake. Wageni walikuja asubuhi, wakasalimia, wakanywa chai na muhogo wa kuchemsha, na jua lilipoanza kuinama walikumbuka shughuli zao. Hata ndugu wa marehemu mume wake, wakija msibani Handeni, waliona heri kujibana kwa watu baki mjini Chanika kuliko kukunjua mkeka kwake.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje kidogo ya Chanika, ukishapita mashamba ya mahindi. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, na bati lake lilishashika kutu. Mumewe aliijenga walipooana, na wanawe wawili, Mbwana na Faraji, walizaliwa na kukulia humo. Sakafu ilikuwa ya udongo vilevile. Bi Mwanaidi aliifagia kila kulipokucha na kuinyunyizia maji ili vumbi litulie, na mtu asiyejua yanayosemwa angesema hapa pana mwanamke msafi.

Maneno yalianza na mke wa Mbwana. Huyo aliitwa Amne, binti wa Kisambaa kutoka Lutindi, milimani upande wa Korogwe. Aliletwa kwa mama mkwe akiwa na mimba changa, mumewe akiwa ameenda kutafuta kazi Morogoro. Haukupita muda akashikwa na homa kali. Ikamwachia, ikarudi, na iliporudi mimba ikatoka. Mwaka uliofuata alishika nyingine, akaja tena kumsaidia mama mkwe kupalilia, na mambo yakawa yale yale. Safari hiyo ndugu zake walishuka kutoka Lutindi wakamchukua, na ndoa ikafia hapo. Baadaye mpwa wa marehemu mume wa Bi Mwanaidi alikuja kutoka Tanga kupumzika, naye akaondoka anatetemeka ndani ya koti. Majirani waliona kwamba Bi Mwanaidi mwenyewe haumwi, wanaougua ni wageni wake, na wenye mimba ndio wanaoumia zaidi. Jibu walilipata bila kuitana kikao: uchawi.

Faraji, mtoto wa pili, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti Masuguru, Korogwe mjini. Alimwoa Faudhia, fundi cherehani wa hapo hapo Masuguru. Faudhia alimpenda mama mkwe wake tangu siku ya harusi, kwa sababu kati ya wanawake wote waliokuja kumpa mawaidha siku ile, ni yeye peke yake aliyemuuliza kama amekula. Lakini kila alipotaka kwenda Handeni kukaa naye, Faraji alikuwa na sababu. Mara njia imeharibika, mara kazi zimebana, mara mama mwenyewe anakuja mwezi ujao.

Wakati wa masika Bi Mwanaidi aliteleza kwenye tope akitoka kisimani, akavunjika mkono wa kulia. Jirani ndiye aliyepiga simu. Faudhia wakati huo tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana vizuri.

"Mama amevunjika mkono na wewe unahangaika na simu," alimwambia mumewe. "Nani anampikia?"

"Natafuta mtu."

"Umetafuta tangu juzi. Mbwana yuko mbali Morogoro, binamu zako wa Tanga wamekataa, shangazi amekataa. Na hutaki kuniambia kwa nini."

Faraji aliinamia buti zake za kazi kana kwamba zina tatizo. "Watu wa kule wana maneno yao," alisema. "Wewe una mimba. Ungekaa tu."

Faudhia alifunga cherehani kwa kitambaa, akapanga nguo zake kwenye begi, akaenda.

Alimkuta Bi Mwanaidi amekaa kizingitini, mkono umefungwa plasta na kutundikwa shingoni kwa kipande cha khanga. Badala ya kufurahi, mama yule alibadilika uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuleta?"

"Nimejileta."

"Utarudi na basi la jioni?"

"Sirudi mpaka mkono upone."

Bi Mwanaidi alitazama pembeni. Kisha akaanza kumtajia nyumba za majirani ambako angeweza kupata pa kulala pazuri zaidi. Faudhia alicheka, akaingiza begi ndani. Walibishana kidogo juu ya kitanda, maana kilikuwa kimoja tu, chenye chandarua. Faudhia akashinda: mtu aliyevunjika mkono halali chini. Yeye alitandika godoro jembamba sakafuni, katika chumba walichokulia kina Faraji, chenye kuta zilizopasuka pasuka kwa umri.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Faudhia alisonga ugali, akachemsha mlenda, akamwogesha mama mkwe mgongo na kumsuka mabutu. Walizungumza mambo mengi, ila jambo moja lilimkera Faudhia. Bi Mwanaidi hakumgusa. Akitaka kumpa kikombe, alikiweka kwenye kigoda na kumwachia achukue mwenyewe. Faudhia alipokaa karibu naye kwenye mkeka, mama yule alijisogeza. Faudhia alidhani ni aibu ya ukwe, akanyamaza. Aliona pia vidoadoa vyekundu kwenye mashavu ya miguu yake, vinawasha asubuhi. Akasema ni mbu, au kunguni, akapaka mafuta ya nazi.

Halafu homa ikaja. Ilimwanzia kichwani, ikashuka kwenye viungo, na kabla ya adhuhuri meno yalikuwa yanagongana. Kwenye zahanati alipimwa malaria, hakuwa nayo. Akapewa dawa za kutuliza homa na kuambiwa anywe maji mengi. Baada ya siku chache jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa ndoo, na homa ikaondoka yenyewe.

Siku zote hizo Bi Mwanaidi hakuvuka mlango wa chumba cha mgonjwa. Alikaa uani, akampikia uji kwa mkono mmoja, akamwambia kupitia dirishani, "Rudi kwenu, Faudhia. Nakuomba."

"Si imeshaisha mama? Ilikuwa baridi ya mvua tu."

"Hairudi mara moja. Huwa inakaa kidogo, ndiyo inarudi."

Faudhia aliyashangaa maneno hayo. Hakupata muda mrefu wa kuyawaza, kwa sababu wiki iliyofuata homa ilirudi kweli, na safari hii tumbo nalo lilianza kukaza. Mama Semboja, jirani aliyepiga simu mwanzo, alipiga tena. Alimpigia Faraji, na akampigia pia mama mzazi wa Faudhia, akamweleza huyo mama yote ambayo Faraji hakuwahi kuyasema.

Walifika kwa gari la kukodi. Faraji alimbeba mke wake na kumlaza kiti cha nyuma. Mama yake Faudhia hakupiga kelele. Alimwendea Bi Mwanaidi pale uani, akakunja mikono, akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi sina ugomvi na wewe, dada yangu. Nimekuja kukuomba. Mwachie mwanangu."

Faudhia aliyasikia yale akiwa garini, kioo kikiwa wazi. Alisikia na jibu.

"Mchukueni," Bi Mwanaidi alisema. "Mpelekeni hospitali, msianze kwa mganga. Na kama kweli ni mimi, niambieni nifanye nini. Kama kuna maji ya kuoga nitaoga, kama ni kuhama nitahama. Nimejichunguza miaka yote hii, sijaona ninapokosea."

Faudhia alitaka kuinua kichwa amjibu, hakuweza. Gari likaondoka. Faraji hakugeuka nyuma kumtazama mama yake.

Hospitalini Korogwe, daktari aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Grasiana. Alimshika tumbo, akasikiliza mapigo ya mtoto, akaridhika kwamba yapo. Kisha akauliza maswali ambayo mama yake Faudhia aliyaona hayana maana.

"Homa ilikuja, ikaondoka kabisa, ikarudi?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa wapi?"

"Handeni, kwa mama mkwe."

"Nyumba ya aina gani? Ya udongo? Ulilala kitandani au chini?"

"Chini."

Grasiana aliagiza damu itolewe pale pale, homa ikiwa bado juu, ipakwe kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini. Fundi wa maabara, Castory, alikaa nayo kwa muda kisha akaja mwenyewe kumwita daktari. Walirudi pamoja. Grasiana akavuta kiti karibu na kitanda.

"Kwenye damu yako kuna vijidudu vyembamba, vimejisokota kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta," alisema. "Hii ni homa ya papasi."

Mama yake Faudhia alikunja uso. "Papasi hawa wa kwenye nyumba za zamani?"

"Hao hao. Papasi ni ndugu wa kupe. Kupe wa ng'ombe unamwona, kwa sababu anang'ang'ania mwilini siku kadhaa mpaka ashibe. Papasi hana haja hiyo. Mchana anakaa kwenye nyufa za sakafu na ukuta. Mtu akilala anatoka, ananyonya muda mfupi, anarudi shimoni, na mara nyingi hata husikii. Akiwa na ugonjwa anakuachia. Na anawarithisha watoto wake kwenye mayai, kwa hiyo ukoo mzima unaweza kuwa nao, na nyumba ikabaki nao miaka na miaka."

"Sasa mbona mwenye nyumba haumwi?" Mama yake Faudhia aliuliza. Swali hilo alikuwa nalo tangu Handeni.

"Amezaliwa kule?"

"Amezaliwa na kuzeekea kule kule."

"Basi ameumwa na papasi tangu utotoni. Pengine aliugua akiwa mdogo, watu wakasema ni malaria. Mwili wake umewazoea. Homa hii inampiga mgeni, na mgeni mwenye mimba inampiga mara mbili. Inaweza kuitoa mimba."

Mama yake Faudhia alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Faraji alitoka nje na kusimama kwenye veranda, mgongo umeelekea mlango.

Grasiana alimwonya Faudhia kwamba akishachomwa sindano hali itakuwa mbaya kabla ya kuwa nzuri, kwa sababu vijidudu vinapokufa kwa mkupuo mwili unashtuka. Ikawa hivyo. Alitetemeka mpaka kitanda kikatoa sauti, na muuguzi akakaa naye akimkanda kwa kitambaa chenye maji huku akilishika tumbo. Maumivu ya tumbo yaliongezeka, yakasimama, yakaja tena hafifu. Kufikia alasiri yalikuwa yameacha kabisa. Faudhia akaomba chai, na alipoinywa akahisi mtoto amegeuka upande.

Faraji alikaa miguuni pake.

"Nilikuwa naamini," alisema.

"Nilishajua."

"Si yote. Nusu."

"Nusu inatosha, Faraji. Umemwacha mama yako mwenyewe peke yake, na mimi hukunionya. Ungeniambia hata hayo maneno ya watu, ningejua pa kuanzia kuuliza."

Kesho yake alipanda basi la Handeni.

Hospitali ilikuwa imepeleka taarifa, na bwana afya wa kata, mtu mpole aitwaye Valentino, alimkuta Faraji nyumbani kwa Bi Mwanaidi akiwa na sululu mkononi. Walitoa vyombo vyote nje, wakaanza kuchimba sakafu ya kile chumba, pale ukuta ulipokutana na ardhi. Majirani walikuja mmoja mmoja wakasimama mbali. Bi Mwanaidi alikaa kwenye kigoda chini ya upenu, hana hakika kinachotafutwa ni nini.

Valentino alichota udongo wa ufa akaumwaga juu ya kipande cha bati. Mwanzoni ulikuwa udongo tu. Akaukung'uta, akasubiri. Kisha punje moja ya udongo ikatoa miguu. Ikafuata nyingine. Walikuwa bapa, rangi ya majivu, ngozi imekunjamana kama ya tende iliyokauka, na waliposhtuliwa walijifanya wamekufa. Valentino alimbonyeza mmoja kwa kijiti, ikatoka damu nyeusi.

"Hawa wanaweza kukaa miaka bila kula," alisema. "Wanasubiri mtu tu."

Bi Mwanaidi aliinuka akaja kutazama. "Hawa nawajua," alisema. "Tangu nikiwa mtoto tunawaona. Hatukuwahesabu kuwa ni kitu."

"Ndio waliompata Amne, mama," Faraji alimwambia. "Na Faudhia. Hukuwa wewe."

Mama yule hakulia wala hakutabasamu. Aliuliza kama Faudhia yu hai, na kama mtoto yu hai. Alipoambiwa wote wapo, aliketi chini palepale kwenye udongo uliochimbuliwa.

Mama Semboja, ambaye muda wote alikuwa nyuma ya wenzake, aliondoka kimya. Baada ya muda alirudi ameshika kifuniko cha sufuria, akamwonyesha Valentino. Ndani yake walikuwamo watatu.

"Na kwangu wamo," alisema. "Nimefunua mkeka tu."

"Watakuwamo kwenye nyumba nyingi za udongo hapa," Valentino alisema.

"Mbona basi kwetu hawakuugua?"

"Wakwe zako umewatoa wapi?"

Mama Semboja alifikiri. Wote walikuwa mabinti wa hapo hapo, waliokulia kwenye sakafu kama zile. Katika majirani wote, ni Bi Mwanaidi tu ambaye wanawe walioa mbali. Alimgeukia. Alisema, "Shoga yangu, nitakuletea uji," na hilo ndilo aliloliweza siku hiyo.

Valentino aliwakataza jambo moja kwa mkazo: mtu asihamishe mkeka, godoro wala kikapu kwenda nyumba nyingine kabla ya kukichambua na kukianika juani, na nguo zichemshwe, maana papasi husafiri ndani ya mizigo na kuanza maisha mapya waendako. Ndiyo sababu Bi Mwanaidi alipokwenda Masuguru, Faraji akibaki kumwaga saruji sakafuni na kuziba kuta, alifika hana kitu zaidi ya nguo alizovaa. Mlangoni hakutaka kuingia mpaka abadilishe na hizo. Mama yake Faudhia ndiye aliyemletea gauni lake mwenyewe, akamsaidia kupitisha mkono wenye plasta.

"Nisamehe kwa yale maneno," alimwambia akiwa nyuma yake, anamfunga vifungo.

"Ulikuwa unamwombea mwanao," Bi Mwanaidi alijibu. "Mimi pia ningeomba."

Walikaa pamoja vizuri. Lakini Faudhia aliona kuna kitu mama mkwe hajakimaliza. Siku moja, plasta ilipokuwa imeshatolewa, alisema anataka kumwona Amne. Amne hakuwa mbali. Aliolewa tena, ana watoto wawili, na alikuwa na meza ya mboga sokoni Korogwe. Faudhia alimpeleka, wakitembea polepole kwa ajili ya tumbo lake.

Amne aliwaona wakija. Aliacha kupanga nyanya. "Shikamoo mama," alisema, na sauti yake haikuwa na ukaribisho wala hasira.

"Marahaba, Amne."

Faudhia ndiye aliyeeleza. Alieleza juu ya homa inayorudi, damu kwenye kioo, sakafu iliyochimbwa. Amne alisikiliza ameshika kabichi. Mteja alikuja, akamhudumia, akamfungia bamia zake, akamwambia karibu tena. Kisha akasema, "Kwa hiyo ilikuwa ugonjwa."

"Ugonjwa."

"Na dawa yake ipo?"

"Ipo. Sindano."

Amne alikaa juu ya kreti tupu la soda, akaegemeza paji la uso kwenye meza, kati ya mafungu ya mchicha. Mabega yakaanza kutikisika. Wanawake wa meza za jirani walitazama, wakageuza nyuso zao kwa heshima.

Bi Mwanaidi alizunguka meza. Alisimama karibu yake, akasita, kisha akamwekea mkono mgongoni. "Nimekuja kukupa pole," alisema. "Wakati ule nilitaka kuingia chumbani nikushike. Watu walikuwa wanaitazama mikono yangu, nami nikaanza kuiogopa. Nikakuacha ukalia peke yako. Mara mbili."

Amne aliongea bila kuinua kichwa. "Kule Lutindi waliposema ni wewe, sikukataa. Kama isingekuwa wewe, ningekuwa mimi. Wangesema tumbo langu ndilo bovu. Nikaona bora uwe wewe."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilijua hujanifanya kitu. Ulinilisha kwa mkono wako."

Faudhia aliuza mafungu mawili ya mchicha na nyanya kidogo, akikisia bei. Hatimaye Amne alijipangusa kwa khanga, akalitazama tumbo la Faudhia, akauliza mtoto anatarajiwa lini. Faudhia akamwambia. Amne akachagua ndizi mbivu zilizokuwa nzuri kuliko zote pale mezani, akamtilia kwenye mfuko.

"Nyumba ile siwezi kuja, mama," alimwambia Bi Mwanaidi. "Hata ikiwa na saruji. Usinilaumu."

"Sikulaumu."

"Lakini wewe ukiwa hapa mjini, pita. Mchana huwa niko peke yangu."

Mtoto wa Faudhia alizaliwa wakati wa kipupwe, msichana, sauti kubwa kuliko mwili. Bi Mwanaidi alimkanda mama, akamwogesha mtoto, akambeba mgongoni hadi majirani wakamtania kwamba mama mzazi atasahaulika. Na siku za soko, akishamlaza, alijifunga mtandio wake akaenda kumsaidia Amne kufunga mafungu ya mboga, wakizungumza mambo ya kawaida, bei ya mafuta, mvua, na watoto wa Amne ambao walishazoea kumwita bibi.